Barua ya wazi kwa wanaogharimia na kuidhinisha tiba za kaboni inayong'aa: msituulize inang'aa kiasi gani, tuulizeni kinachong'aa ni nini

Kwa wakuu wa mifuko ya utafiti, mamlaka za dawa na vifaa tiba, na wahariri wa majarida ya sayansi.

Waheshimiwa,

Naomba nianze na mfuko wa kuchujia, maana ndio ulionifanya niandike.

Ni kitu laini, chembamba, mfano wa utumbo mtupu. Hufungwa ncha zote mbili kwa vibanio na kuachwa uelee ndani ya bika kubwa ya maji yaliyokenekwa. Kuta zake zina vitundu vidogo mno: molekuli ndogo hupenya na kutoka, chembe kubwa hubaki ndani. Jioni ile mfuko wangu ulikuwa na kimiminika cha rangi ya asali nilichokipika jana yake: asidi ya sitriki na ethilinidiamini kwenye maji, ndani ya chombo cha chuma chenye kikombe cha tefloni, nyuzi 200, saa tano. Anayefanya kazi hii popote duniani anayajua mapishi hayo. Yanatoa nukta za kaboni, vichembe vya nanomita chache tu kwa upana (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ukiimulika chupa yake kwa urujuanimno inakurudishia mwanga wa buluu wa kupendeza ajabu.

Nikazima taa za chumba, nikawasha ile ya urujuanimno, yenye wimbi la nanomita 365, nikatoa simu nipige picha ya ripoti ya robo mwaka. Picha inayong'aa huwasaidia sana wanaoomba fedha. (Kiswahili kina utani wake: mfuko wa kuchujia na mfuko wa utafiti ni neno lilelile, na yote miwili kazi yake ni kuamua kipi kipite na kipi kibaki.)

Maji ya nje yalikuwa yanang'aa kuliko mfuko.

Nikayamwaga, nikatia mengine. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile, ingawa kwa unyonge kidogo. Kufikia siku ya saba kimiminika cha ndani kilikuwa bado na rangi yake ya asali, chembe zilikuwamo, darubini ya elektroni ilizionyesha. Lakini chini ya taa zilikuwa kama makaa yaliyomwagiwa maji. Mng'ao karibu wote ulikuwa umeondoka na maji. Kumbe nilichokuwa nikikiita kwa jina moja kilikuwa vitu viwili: chembe za kaboni zenye mng'ao wa kubabaisha, na molekuli ndogo ya kawaida inayozaliwa kwenye chungu hichohicho, iliyobeba sifa zote.

Molekuli hiyo si siri. Ni ya jamii ya imidazopiridini, na wakemia waliitambua na kuitaja kwenye maandishi mwaka 2015. Mwaka 2018 yakatoka maonyo mengine, makali zaidi, kuhusu makosa yanayoletwa na uchafu unaong'aa ndani ya nukta za kaboni zisizosafishwa vya kutosha. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshachapisha makala mbili ambazo uchujaji wake ulichukua siku moja. Moja bado inanukuliwa. Kila nikiarifiwa kwamba imenukuliwa tena, natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Mtasema hayo ni mambo ya wapishi, wayamalize jikoni kwao. Yangekuwa hivyo kama chupa hizi zingebaki rafuni. Lakini kila andiko la mradi linalofika mezani kwenu linasema nukta hizi zitaingia mwilini: zibebe dawa, zionyeshe uvimbe, zimwongoze daktari wa upasuaji. Na humo ndimo kosa la mfuko wa kuchujia linapogeuka kuwa kosa la kitabibu. Fikirini chembe imebeba dawa ya saratani, na juu yake tunadhani kuna taa. Tunamdunga panya, tunampiga picha, tunaona mwanga unakusanyika kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Tunaandika: chembe zimetoka salama kupitia figo. Ukweli unaweza kuwa kwamba iliyotoka ni ile molekuli ndogo, na chembe zenyewe, pamoja na dawa, zimekaa kimya kwenye ini na wengu. Shahidi tuliyemwita hakuwapo kwenye tukio.

Kwa wale miongoni mwenu mliofika kwenye viti hivyo kwa njia ya sheria au uhasibu, nieleze kidogo tunazungumzia nini, maana jina "kaboni inayong'aa" limefunika ukoo mzima wa vitu visivyofanana.

Neli za kaboni ni karatasi ya grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja, iliyokunjwa kama mkeka; zikiwa za ukuta mmoja upana wake ni nanomita moja hivi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba neli zenye ukuta mmoja, zikitenganishwa mojamoja kwa sabuni, hutoa mng'ao wa infraredi, mwanga uliopita mwekundu ambao jicho haliuoni. Zikiwa zimeshikana kwenye mafungu hazitoi kitu, kwa sababu zile zenye tabia ya metali huwanyang'anya jirani zao nishati. Almasi nano ni almasi kweli, iliyosagwa, na mng'ao wake unatoka kwenye kasoro: atomu ya naitrojeni iliyokaa kando ya nafasi tupu. Ukiipiga mwanga wa kijani inajibu kwa mwekundu, na haichoki. Halafu ndipo zinakuja nukta za kaboni, mtoto wa mwisho. Hizi ziligunduliwa kwa bahati mwaka 2004 huko South Carolina, watu wakisafisha neli zilizotoka kwenye masizi ya tao la umeme. Kwenye jeli ya kutenganishia wakaona mistari inayong'aa ambayo hawakuitafuta. Miaka miwili baadaye kundi la Ya-Ping Sun wa Chuo Kikuu cha Clemson likazivika ganda la polima, zikang'aa vizuri zaidi, na jina likakaa. Mwaka 2007 wengine wakazitoa kwenye masizi ya mshumaa. Kwa hiyo zilianza kama uchafu wa kitu kingine, na leo uchafu wake wenyewe ndio unaotusumbua.

Kwa nini basi tuzing'ang'anie? Kwa sababu sababu zipo, na sitaki barua hii isomwe kama talaka. Nukta kwanta, fuwele ndogo mno ambazo rangi yake hutegemea ukubwa wake, zilizowapa Bawendi, Brus na Yekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 zinang'aa kwa usafi ambao sisi wa kaboni tunauonea wivu, lakini nyingi kati ya zile bora zina kadimi, na kadimi ni sumu ya figo. Rangi za kawaida za maabara nazo huungua upesi chini ya taa. Kaboni inayostahimili mwanga, isiyo na metali nzito, inayoyeyuka kwenye maji, ni ndoto halali kabisa.

Ila ndoto hiyo tumeizungushia misemo inayotuponza. Wa kwanza ni huu: "Kaboni ni rafiki wa mwili, sisi wenyewe ni kaboni." Nimeukuta kwenye utangulizi wa makala nyingi kiasi kwamba macho yangu huuruka. Sianidi nayo ina kaboni. Mwaka 2008 kundi la Edinburgh liliweka neli za kuta nyingi, neli ndani ya neli, kwenye tumbo la panya. Zilizokuwa ndefu na ngumu zilileta uvimbe na makovu ya namna ileile inayoletwa na nyuzi za asbesto, na zilizokuwa fupi au zilizojiviringa hazikufanya hivyo. Ni kaboni ileile. Kilichotofautiana ni urefu: seli ya kinga hujaribu kuumeza mshale mrefu kuliko yenyewe, inashindwa, inabaki mdomo wazi ikimwaga kemikali zake kwenye tishu. Mwaka 2014 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaotafiti saratani uliiweka aina moja ya neli hizo, MWCNT-7, kwenye kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Ukiwa mamlaka ya dawa na mtu akakuletea neno "kaboni" kama ushahidi wa usalama, mrudishie.

Msemo wa pili: "Mapishi ya kijani." Hapa nawalaumu wagawaji wa fedha moja kwa moja. Mmependa mno nukta zinazotoka kwenye juisi, maganda, majani, nyasi, maziwa, nywele. Kila tunda sasa lina makala yake. Napenda wazo la kutotupa maganda, lakini ganda moja halifanani na jingine. Sukari inabadilika, chumvi za udongo zinabadilika, hata siku ya kuchuma inabadilisha kilichomo. Dawa ni kitu ambacho mkupuo wa leo lazima ufanane na mkupuo wa mwaka ujao. Huwezi kuidhinisha msimu wa matunda. Kwa elimu ya wanafunzi mapishi hayo yanafaa sana. Kwa sindano, hapana.

Wa tatu ni rangi. Washeni tochi ya simu gizani, muifunike kwa vidole. Mwanga mweupe unaingia upande mmoja, na upande wa pili unatoka mwekundu tu. Damu imekula buluu na kijani, na tishu zimetawanya kilichobaki. Sasa rudini kwenye marundo ya makala mliyoyagharimia mhesabu ngapi zina chupa ya buluu kwenye jalada. Nukta ya buluu ndani ya mwili ni mtu anayenong'ona ndani ya ngoma, na mbaya zaidi, tishu zenyewe zikimulikwa kwa urujuanimno hung'aa buluu na kijani zao. Kinachopenya vizuri ni mwekundu wa mbali na infraredi, ndiyo maana neli zinasisimua: mwaka 2014 watafiti wa Stanford walitumia mng'ao wa neli wa karibu nanomita 1,300 hadi 1,400 kuona mishipa ya damu ya ubongo wa panya bila kufungua fuvu, kina cha zaidi ya milimita mbili. Milimita mbili. Kwa panya ni safari ndefu; kwa binadamu bado hujavuka ngozi na mafuta yake, na daktari wa upasuaji ambaye tayari ameshafungua atafaidika kuliko yule anayetaka kuona toka nje.

Nukta za kaboni nyekundu zipo pia. Mwaka 2015 zilipatikana rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, kutoka kwa ndugu watatu wa kemikali iitwayo fenilinidiamini. Mmoja wa ndugu hao, yule wa para, ndiye anayetiwa kwenye rangi za nywele, naye ni mchochezi wa mzio anayejulikana na kila daktari wa ngozi. Akibaki hata kidogo ndani ya mfuko wa kuchujia, tumerudi palepale: kilichomo ni nini hasa?

Nije sasa kwenye jambo ambalo nadhani hamjawahi kuelezwa waziwazi, na ambalo ndilo linaloutofautisha ukoo wetu na wengine wote wa nano.

Ukimdunga panya chembe za dhahabu, baadaye unaweza kuchukua ini lake, ukaliyeyusha kwa asidi, ukapima dhahabu. Mwili hauna dhahabu yake, kwa hiyo kila unachokipata ni chako. Kadimi hivyohivyo. Hata silika ina namna yake. Sasa mdungeni panya kaboni, kisha muitafute kaboni hiyo kwenye ini. Ini lenyewe ni kaboni. Damu ni kaboni. Ni kutafuta ndoo ya maji uliyoimwaga ziwani. Ndiyo maana sisi tumeuegemea mng'ao kuliko watu wengine wote: ndio shahidi pekee tuliye naye, na shahidi huyo, kama mlivyoona, hutoroka kupitia vitundu vya mfuko.

Dawa ya tatizo hilo ipo, ni ya zamani na haina mbwembwe. Unapika nukta zako kwa kaboni-13 au kaboni-14, aina adimu na nzito za kaboni ambazo ya pili hutoa mionzi, tangu mwanzo, ili kiini chenyewe kiwe na alama. Kisha unapima vitu viwili kwa panya mmoja: mng'ao uko wapi, na kaboni yenye alama iko wapi. Ramani mbili zikilingana, shahidi wako ni mkweli. Zikipishana, umejua mapema, kabla ya mgonjwa.

Niliwahi kuliandika hilo kwenye andiko. Kipengele cha kaboni-14 kilikuwa na gharama ya malighafi, kibali cha mionzi, na mahali pa kuhifadhi taka. Majibu yalirudi: mradi umekubaliwa, kipengele hicho kimeondolewa. Mpitiaji mmoja alieleza kwamba mng'ao unatosha kufuatilia chembe, na akataja makala za kuthibitisha hoja yake. Mojawapo ilikuwa yangu, ile ya siku moja. Sijui niseme nini zaidi kuhusu jinsi mfumo wenu unavyofanya kazi.

Walinganisheni na wenzetu wa silika. Kuna chembe zilizoanzia Chuo Kikuu cha Cornell, ambazo kwa Kiingereza huitwa kwa herufi C na neno nukta, na jina hilo limeleta balaa lake: nimekaa kwenye mkutano nikamsikia mtu akizitaja kama uthibitisho kwamba nukta za kaboni zimeshajaribiwa kwa binadamu. C ile ni ya Cornell. Ndani yake ni silika na rangi ya kawaida, hakuna nukta ya kaboni hata moja. Lakini tazameni walivyofanya. Majaribio ya kwanza kwa binadamu, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalihusisha wagonjwa watano wa melanoma, saratani ya ngozi, na chembe zilikuwa zimebandikwa iodini-124 yenye mionzi ili kamera ya PET, inayosoma mionzi hiyo kutoka nje ya mwili, izifuate. Walikuwa na taa, na hata hivyo hawakuiamini peke yake. Walimwita shahidi wa pili.

Kuhusu figo, kuna kipimo ambacho kila mwombaji wa fedha anakitaja na wachache wanakitii. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwa panya, kwa nukta kwanta, kwamba chembe inayopungua nanomita 5.5, ikipimwa pamoja na ganda lake la maji, hutoka upesi kwa mkojo. Ikizidi hapo inakawia na kujikusanya. Neno la kushika ni "pamoja na ganda". Darubini ya elektroni huona kiini kikavu cha nanomita tatu. Ndani ya damu kiini hicho kimevaa polima, juu ya polima zimeganda protini, na kinachofika kwenye chujio la figo ni mtu aliyevaa makoti matatu. Msikubali kipimo cha kikavu. Ombeni kilichopimwa ndani ya plazma, majimaji ya damu.

Na ukubwa si lazima uwe adui. Kuna kaboni isiyong'aa hata chembe, nyeusi kama wino, inayotumika tayari China kwenye upasuaji wa tezi ya shingo, dundumio. Chembe zake ni za nanomita 150 hivi: kubwa mno kupenya kwenye kapilari za damu, ndogo kiasi cha kuingia kwenye mirija ya limfu. Daktari anadunga, tezi za limfu zinageuka nyeusi, na zile tezi ndogo za paradundumio zilizo jirani zinabaki na rangi yake, kwa hiyo hazikatwi kwa makosa. Hakuna leza wala kamera. Huwa naifikiria kila nikiona andiko linaloahidi "jukwaa lenye kazi nyingi": kugundua, kubeba dawa, kuchoma uvimbe kwa mwanga, vyote kwenye chembe moja ya nanomita nne. Wino ule una kazi moja, na umefika chumba cha upasuaji.

Vipimo vya sumu navyo vina mitego. Mwaka 2006 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, waligundua kwamba neli za kaboni hung'ang'ania rangi inayozalishwa kwenye kipimo cha MTT, kile tunachokitumia sote kujua kama seli zi hai. Seli zilikuwa nzima, kipimo kikasema zinakufa. Kipimo kingine kwa seli hizohizo hakikuona tatizo. Kwa nukta zinazong'aa mtego unaweza kugeuka upande wa pili: kama kipimo chako kinasoma mng'ao, na sampuli yako inang'aa yenyewe, utaona uhai hata kwenye kaburi. Wahariri, jedwali la sumu lenye kipimo kimoja lirudisheni. Viwe viwili visivyotegemea kanuni moja, na kiwepo kisahani cha nukta peke yake bila seli.

Mamlaka za dawa, nyinyi mna maandishi mazuri tayari. Mwongozo wa mamlaka ya Marekani wa mwaka 2022 kuhusu dawa zenye vitu vya nano hauvihukumu kuwa salama wala hatari kwa jumla; unataka kila kimoja kichunguzwe kwa sifa zake. Tafsiri ya Umoja wa Ulaya, iliyorekebishwa mwaka huohuo, inahesabu chembe: nusu au zaidi ya idadi yake ziwe kati ya nanomita 1 na 100, na inasema wazi kwamba molekuli mojamoja si chembe. Someni sentensi hiyo ya mwisho pamoja na bika yangu. Kwa maneno yenu wenyewe, kilichokuwa kinang'aa kwenye picha ya ripoti yangu hakikuwa kitu cha nano. Kilifadhiliwa kama nano, kikachapishwa kama nano, na kama kingesonga mbele kingeombewa kibali kama nano. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuuliza.

Basi wekeni wajibu huo. Sina haja ya sheria mpya, fomu zinatosha. Atakayeomba fedha za awamu ya pili aambatishe mchoro wa mng'ao dhidi ya siku za kuchuja, mpaka mstari ulale. Aonyeshe maji ya nje, si mfuko tu. Sampuli ya mkupuo mmoja igawanywe mara tatu, na chupa mbili ziende maabara ambazo hakuzichagua yeye. Kazi hiyo haitatoa makala ya kujivunia na hakuna kijana atakayepata cheo kwa kuifanya, kwa hiyo ilipieni kama kazi, mshahara kamili, msiiache iwe hisani ya wanafunzi wa uzamili wakati wa likizo.

Tunahitaji pia chupa ya kulinganishia. Anayepima mng'ao duniani kote hulinganisha na kwinini, dawa ileile ya malaria: ikiyeyushwa kwenye asidi ya salfuriki hurudisha fotoni, chembe za mwanga, 54 hivi kwa kila mia inazozimeza, na namba hiyo imetuweka sote kwenye mizani moja kwa miongo mingi. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, imewahi kutoa chembe za dhahabu za nanomita 10, 30 na 60 kwa ajili ya kulinganisha ukubwa, na hata masizi ya neli za ukuta mmoja. Nukta za kaboni nazo zipewe chupa yake rasmi: iliyosafishwa, iliyopimwa na maabara nyingi, ya kununuliwa na yeyote. Bila hiyo, nikisema zangu zinang'aa mara mbili ya zako, tunalinganisha majigambo.

Na fedha za haraka zipelekeni nje ya mwili. Hapa ndipo ningeweka dau langu. Mwaka 2020 watafiti wa University College London, UCL, waliweka almasi nano kwenye kipimo cha karatasi, cha namna ile inayoonyesha mistari miwili. Karatasi yenyewe huwa inang'aa na kuharibu usomaji. Wao wakatumia mawimbi ya maikrowevu kuufanya mng'ao wa almasi upepese kwa mdundo wanaoujua, kisha wakasoma kile tu kilichopepesa kwa mdundo huo. Kelele za karatasi zikatupwa. Kipimo kikawa na wepesi wa kunusa mara 100,000 kuliko chembe za dhahabu zinazotumika kawaida, na kwa virusi vya Ukimwi, baada ya dakika kumi za kukuza vinasaba kwa joto lisilobadilika, kiliweza kugundua hata nakala moja. Almasi ile haikuingia kwenye mshipa wa mtu. Haikuuliza figo kitu. Sampuli ndiyo iliyoifuata, na ikimaliza kazi inatupwa na karatasi yake. Neli nazo zinaweza kukaa kwenye kisahani zikisoma saratani ya ovari ndani ya majimaji ya damu, kwa kubadilika kidogo kwa rangi yake ya infraredi, na watu wa New York walishachapisha hatua hiyo mwaka 2022. Kazi za namna hii kwenye mizani yenu hupata alama za chini kwa sababu hazisemi neno "tiba". Mgonjwa aliyegunduliwa mapema haoni tofauti hiyo.

Zile za sindano zisife. Ziende kwa mwendo wa ramani mbili.

Upande wangu, makala ile ya siku moja nimeiandikia jarida marekebisho. Mhariri amejibu kwamba matokeo "yanabaki na manufaa kwa ujumla" na akauliza kama nina picha bora zaidi ya mfuko unaong'aa. Ninayo ya bika.

Chupa tatu za mkupuo mmoja, zilizochujwa siku kumi na nne, ziko kwenye jokofu la maabara, zimefunikwa karatasi ya alumini. Mbili ni zenu. Niambieni nizipeleke wapi. Nimehifadhi pia lita mbili za maji ya nje ya siku ya kwanza, kwa yeyote kati yenu atakayetaka kuzima taa na kujionea.

Wenu,
Mkemia wa nukta za kaboni